Umeme wa vyumba vya uani upangwe kabla ya msingi

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hakimtoshi tena mkazi wa mjini. Nyumba kubwa imesimama mbele, na nyuma kimebaki kipande chenye upana wa mita tatu au nne, nacho mwenye nyumba anataka kimletee chochote: vyumba viwili vya kupangisha, fremu ya saluni au banda la kuku. Bajeti huandikwa kwa makini. Tofali, saruji, nondo, mabati na milango vyote vina mstari wake. Umeme hauna. Husubiri hadi rangi imekauka, ndipo anaitwa fundi "avute waya" kutoka soketi ya sebuleni, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu.

Utaratibu huo umezoeleka, lakini ni wa hatari na mwishowe ni wa gharama.

Plagi ya pini tatu inayotumika Tanzania imetengenezwa kwa ampia 13. Kwa umeme wa volti 230, hizo hazifiki hata wati 3,000. Mpangaji mmoja akichomeka birika la wati 2,000 na mwenzake akawasha pasi ya wati 1,000, nafasi imekwisha, na bado friza halijaguswa. Tena joto ndani ya waya halipandi sawasawa na mzigo. Mzigo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa huwa mara nne. Waya huo umelala juu ya dari, kando ya mbao kavu.

Dalili ya kwanza ni breka kukatika kila jioni. Dawa inayotolewa mara nyingi ni kuing'oa na kuweka kubwa zaidi. Breka kubwa kwenye waya ule ule haiongezi umeme hata kidogo; inachofanya ni kumwondoa mlinzi na kumwachia waya uungue kimya kimya.

Ni afadhali hesabu ifanywe mapema, na si ngumu. Mwenye nyumba aorodheshe vitakavyotumika uani: pasi wati 1,000, birika 2,000, jiko la sahani mbili 2,000, friza 200, feni na televisheni 150. Jumla ni wati 5,350. Zikigawanywa kwa 230 zinapatikana ampia 23. Akiongeza hita ya kuogea ya wati 5,000, uani peke yake unafika ampia 45. Ni kweli kwamba vyote haviwashwi kwa pamoja kila saa, lakini saa moja jioni katika nyumba ya wapangaji hukaribia sana hali hiyo. Kama meni swichi iliyopo ni ya ampia 60 na nyumba kubwa nayo ina jiko na hita yake, majibu yako wazi: ama hita iachwe, ama mwenye nyumba aende TANESCO kuulizia umeme wa njia tatu kabla hajanunua tofali.

Baada ya hesabu inafuata njia. Uani upelekewe kebo yake kutoka kwenye meni swichi, yenye breka yake, na huko mwisho kiwepo kisanduku kidogo cha kugawa umeme. Unene wa kebo una maana. Kwa umbali wa mita 25 na mzigo wa ampia 20, waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba hupoteza takriban volti 9 njiani. Wa milimita 10 hupoteza zaidi kidogo ya 2. Taa haitaonyesha tofauti kubwa, lakini mota ya friza inayohangaika kuwaka kwa volti pungufu huionja, hasa mahali ambapo umeme wa mtaani nao ni mdogo.

Ufinyu wa nafasi ndio unaowashinda wengi. Katika uchochoro wa mita moja hupita bomba la maji, bomba la choo kwenda shimoni, na kamba ya kuanikia nguo. Kebo ikining'inizwa juu, ndiyo itakayogeuka kamba ya pili. Ifukiwe, iwe ile yenye ganda la chuma, kwenye kina cha sentimita 45 hadi 60, upande ulio mbali na shimo la choo, kwa sababu shimo hilo siku moja litafukuliwa. Kazi hii kabla ya sakafu kumwagwa ni mtaro na bomba la plastiki tu. Baada ya hapo ni kupasua zege. Kisanduku nacho kisitundikwe bafuni wala juu ya jiko kwa vile ukuta mwingine haupo. Ukuta wa mlangoni, juu ya kimo cha watoto, unatosha.

Lisilokubali kubanwa ni waya wa ardhi. Zamani mafundi waliufunga kwenye bomba la maji la chuma. Mabomba ya siku hizi ni ya plastiki, nayo hayapitishi umeme. Uani uwe na waya wa ardhi wa kweli pamoja na swichi ya kinga ya miliampia 30, ambayo hukata umeme mara unapovuja kupitia mwili wa mtu.

Mfugaji naye asijione hahusiki. Taa za kutunza vifaranga joto, nyingi zikiwa za wati 250, huwaka usiku kucha juu ya maranda makavu na vumbi. Taa nne ni wati 1,000 zisizopumzika. Zifungwe kwa mnyororo, zisining'inie kwa waya wake.

Kuna pia suala la LUKU. Nyumba iliyozoea kundi la matumizi madogo, ambalo ukomo wake katika bei za mwaka 2016 ni uniti 75 kwa mwezi, hutoka humo mara wapangaji wawili wanapoongezeka kwenye mita moja. Kodi ya chumba ipangwe kwa kujua hilo, na mita ndogo ya kila chumba iwekwe tangu mwanzo.

Kazi yote apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, naye adaiwe mchoro wa mahali nyaya zilipopita. Karatasi hiyo ikae pamoja na hati ya kiwanja, imsubiri fundi bomba atakayekuja na sululu.