HADITHI ANAYOACHIWA MTOTO

Nchini Burundi jina apewalo mtoto si pambo. Aghalabu ni habari fupi ya nyumba aliyozaliwa. Mtoto wa saba huitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa kumi Bucumi. Pacha wa kwanza huwa Bukuru, na wa pili Butoyi. Yuko aitwaye Ntakirutimana, maana yake hakuna kilicho kikuu kumpita Mungu. Na yuko aitwaye Ntahomvukiye, yaani "sina nilikozaliwa", jina la mzazi aliyejiona hana kwao. Kwa desturi ya zamani jina halikurithiwa kutoka kwa baba, hata watoto sita wa tumbo moja waliweza kuwa na majina sita yasiyohusiana, kwa kuwa kila uzazi ulikuwa na habari yake.

Hivyo, kabla mtoto hajatamka neno, wakubwa wamekwisha kumsimulia. Akipata akili atauliza zaidi. Atataka kujua kwao ni wapi, baba alikuwa wapi wakati wa vita, na kwa nini bibi hana ndugu. Majibu atakayopewa, au kimya atakachokutana nacho, ndivyo vitakavyomwambia yeye ni nani na anatazamiwa kuwa mtu wa namna gani. Kwa familia za askari na polisi, ambazo zimepitia mengi na kuhama mara nyingi, jambo hili si dogo.

KUJISEMA

Wazee wa Burundi walikuwa na neno "kwivuga", ambalo kwa Kiswahili ni "kujisema". Mwanamume alisimama mbele ya wenzake akayataja matendo yake kwa maneno ya fahari: alikopita, aliowashinda, ng'ombe aliowalinda. Ng'ambo ya mpaka, katika Mkoa wa Kagera, Wahaya nao wana majigambo ya namna hiyo wanayoyaita ebyebugo. Desturi hii haikuwa kujisifu kwa upuuzi. Mtu aliyejisema mbele ya watu alijifunga. Kesho yake walimtazama kama anafanana na maneno yake, na kijana aliyesikiliza alijua ni matendo gani yanayompa mtu heshima.

Lakini kujisema kulikuwa na upungufu wake. Kulihesabu ushindi na kuacha hofu. Kulimtaja adui bila kutaja kwamba naye alikuwa na mama. Askari wa leo akiwasimulia wanawe kwa mtindo huo tu, huwaachia nusu ya habari, na mtoto aliyepewa nusu huitimiza mwenyewe kwa mambo ya kukisia.

MISHAMO NA KIGOMA

Jinsi hadithi inavyomjenga mtu ilionekana wazi miongoni mwa Warundi walioishi Tanzania. Mwishoni mwa Aprili 1972 waasi walishambulia kusini mwa Burundi na kuua watu. Jeshi la serikali ya wakati ule likalipiza kwa kuwaua Wahutu maelfu kwa maelfu, hasa wale waliosoma. Wengi walikimbilia Tanzania, na baadaye wakapewa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengine hawakwenda makazini. Walijitafutia maisha katika mji wa Kigoma.

Miaka ya 1985 na 1986 mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, Bibi Liisa Malkki, aliishi na makundi haya mawili, na mwaka 1995 kitabu chake kikachapishwa. Aliyoyakuta ni ya kufikirisha. Kule Mishamo watu walisimulia yaliyopita mchana na usiku. Kila mmoja aliyaeleza mateso yake kama sehemu ya mateso ya taifa zima lililo uhamishoni, na ukimbizi wenyewe ukawa alama ya heshima, kwa kuwa siku moja taifa hilo lingerudi nyumbani. Mjini Kigoma mambo yalikuwa mbali kabisa. Watu waliotoka katika msiba ule ule waliyataja yaliyopita kwa nadra. Walifanya biashara, wakaoa na kuolewa na wenyeji, na baadhi yao walipoulizwa kabila walijiita Waha.

Si haki kulisifu kundi moja na kulicheka jingine. Hadithi ya Mishamo iliwapa watu ujasiri wa kufyeka msitu na kuanza upya, lakini pia iliwagawa wanadamu katika wema na waovu kwa kuzaliwa kwao. Hadithi ya Kigoma iliwapa watu riziki na majirani, lakini iliwadai waifiche asili yao. Msiba ulikuwa mmoja. Masimulizi yalikuwa mawili, na watu waliotokana nayo wakawa wa namna mbili.

Ilipofika mwaka 2007, waliobaki katika makazi hayo matatu, wapatao 218,000, waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kuwa raia wa Tanzania. Karibu wanne katika kila watano walichagua Tanzania. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapo. Nyumbani kulikosimuliwa na wazazi hawakupata kukuona kwa macho.

BARABARA YA GITEGA HADI MUYINGA

Wale waliochagua kurudi, pamoja na wengine waliokimbia vita vya mwaka 1993 na machafuko ya mwaka 2015, walileta masimulizi hayo katika miji na vilima vya Burundi. Muyinga, kaskazini mashariki, uko karibu na mpaka wa Kobero, njia ya kwenda Ngara. Mji huo umewaona watu wake wakitoka na mikeka kichwani, na umewaona wakirudi na watoto waliozaliwa ugenini. Karibu nao, kambi ya Gasorwe imewapokea wakimbizi kutoka Kongo. Baadhi ya watoto waliorudi walikuwa wamesoma kwa Kiswahili katika shule za Tanzania, wakakuta masomo ya Burundi yanafundishwa kwa Kirundi na Kifaransa. Mtoto wa namna hiyo, akiwa darasani na kuchekwa kwa lafudhi yake, huuliza nafsini lile lile lililomo katika jina la Ntahomvukiye: kwetu ni wapi? Asipopata jibu kwa wazazi wake, atalipokea kwa yeyote atakayemjibu wa kwanza.

Barabara itokayo Gitega kwenda Muyinga hupita Karusi. Huko, mwanzoni mwa mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki ya mwaka 1972 karibu na mto Ruvubu na kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi ya waliouawa walitambuliwa kwa vitu vilivyosalia, kama nguo, miwani na rozari. Kwa miaka 48 familia nyingi zilikuwa zimenyamaza, kwa hofu au kwa uchungu. Wajukuu walikua wakijua kwamba kuna jambo lisilosemwa, bila kujua ni jambo gani. Kimya cha namna hiyo nacho ni hadithi. Humfundisha mtoto kwamba dunia ina siri ya kutisha na kwamba wazazi wake hawawezi kuikabili.

Magharibi mwa Gitega, kando ya barabara ya Bujumbura, pako Kibimba. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, makumi ya Watutsi, wengi wao wanafunzi, walichomwa moto hapo katika jengo la kituo cha petroli. Wahutu wa eneo hilo nao wakauawa na kufukuzwa katika kulipiza kisasi. Leo pana mnara wenye maneno ya Kifaransa yanayomaanisha: jambo hili lisitokee tena kamwe. Lakini Kibimba ina habari nyingine inayosahauliwa upesi. Mwaka 1994, majeraha yakiwa mabichi, watu wa pande zote mbili waliunda kamati ya amani na kuanza kukutana tena. Mzazi anayempitisha mwanawe mbele ya mnara huo anaweza kumweleza habari ya moto peke yake, au anaweza kumweleza habari ya moto na habari ya kamati. Zote mbili ni kweli, na mtoto anazihitaji zote mbili.

Vivyo hivyo kuhusu seminari ya Buta, kusini mwa nchi. Tarehe 30 Aprili 1997 wenye silaha waliwaamuru vijana wa pale watengane, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na 40 wakauawa. Vijana hao waliulizwa wao ni nani, wakatoa jibu walilokuwa wamelizoea katika maisha yao ya pamoja. Jibu la namna hiyo halitungwi dakika ile ya bunduki. Huwa limeandaliwa mapema, mezani, darasani na vitandani kabla ya kulala.

NYUMBA ZA ASKARI

Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalitaka kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi, na mwishoni mwa mwaka 2004 sheria ziliunda jeshi jipya na polisi mpya. Watu waliokuwa wakirushiana risasi wakavaa sare moja. Kwa wakubwa kulikuwa na amri na mafunzo ya kuwaunganisha. Kwa watoto wao hapakuwa na amri. Mtoto wa aliyekuwa msituni na mtoto wa aliyekuwa jeshini walicheza uwanja mmoja, kila mmoja akirudi jioni kwenye hadithi ya nyumbani kwao. Iwapo katika nyumba hizo mbili adui wa hadithi ni baba wa mwenzake, mchezo huo hauna maisha marefu.

Kisha ikaja Somalia. Tangu Desemba 2007 hadi kumalizika kwa jukumu lao baada ya mwaka 2024, vikosi vya Burundi vilitumikia huko chini ya Umoja wa Afrika. Wengi walirudi na mambo yasiyosimulika kwa urahisi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, ambao wamefanya kazi pia na askari na wapiganaji wa zamani wa Burundi, wana njia ya tiba waliyoijaribu kwa wakimbizi wa makazi ya Imvepi na Nakivale nchini Uganda. Mgonjwa hutandika kamba sakafuni, nayo ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Juu yake huweka jiwe kwa kila jambo baya na ua kwa kila jambo jema. Halafu husimulia kwa taratibu, jambo kwa jambo, na msikilizaji huandika na kumsomea tena mpaka habari ikae sawa. Faida yake ni kwamba jiwe huonekana mahali pake: lina kilichotangulia na kilichofuata. Ambaye hajasimulia, jiwe moja humfunika kamba nzima.

Tiba hiyo si ya kufanywa nyumbani na asiyefundishwa. Askari anayeshtuka usiku, anayekasirika pasipo sababu au anayekimbilia pombe ili asahau, yampasa amwone mganga wa kikosi au wa hospitali, na mkewe amtie moyo aende. Hata hivyo, fikra ya kamba, mawe na maua inafaa kila nyumba.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, mzazi asimulie kwa kipimo cha umri. Mtoto wa miaka sita yamtosha kujua kwamba palikuwa na vita, babu akafariki, na bibi akamlea baba kwa kuuza mihogo. Habari nzito zingoje mpaka aulize mwenyewe akiwa amekomaa. Asidanganywe, kwa maana uongo hugunduliwa na huondoa imani katika mengine yote.

Pili, mtenda ubaya atajwe kwa tendo lake, si kwa kabila lake. Na palipo na aliyefungua mlango, aliyeficha mtu shambani au aliyegawa unga, atajwe pia. Katika nyumba nyingi zilizookoka kuna mtu wa namna hiyo, na mara kwa mara hakuwa wa kabila lile lile.

Tatu, baba asione haya kutaja hofu yake. Mtoto ajuaye kwamba baba aliogopa lakini akasimama zamu, hujua la kufanya siku atakapoogopa yeye.

Nne, habari ya mama isiachwe. Wakati baba yuko Mogadishu, kuna aliyelipa karo, aliyemkimbiza mtoto zahanati usiku na aliyejibu maswali yasiyo na majibu. Nyumba ambayo ushujaa wake wote uko Somalia imejinyima nusu ya mali yake, na binti wa nyumba hiyo hakosi kuliona hilo.

Tano, mtoto naye apewe nafasi ya kujisema. Aulizwe siku yake ilikwendaje, asikilizwe mpaka mwisho, wala asisahihishwe kila neno. Wataalamu Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwauliza watoto maswali 20 kuhusu jamaa zao, kama vile babu na bibi walikutana wapi. Waligundua kwamba watoto wanaozijua habari za jamaa zao aghalabu hujiamini zaidi. Tena hadithi zilizofaa zaidi zilikuwa zile zilizoeleza kupanda na kushuka, kwamba jamaa hii ilianguka, ikainuka, na bado iko pamoja.

Gitega ina Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, yenye ngoma, vikapu na mikuki ya enzi za wafalme. Habari za nyumba za kawaida hazimo katika makabati yake. Zimo vinywani mwa wazazi, na mzazi akifa nazo hakuna mahali pengine pa kuzitafuta.

Mzazi aliyemwita mwanawe Ntahomvukiye aliandika uchungu wa siku moja. Hakuandika maisha mazima. Wako wenye majina ya uchungu waliojenga nyumba, wakalea watoto na kuwaonyesha kilima chao. Jina lilibaki lile lile. Habari iliyofuata waliiongeza wenyewe, baada ya mtu kukaa nao na kuwaeleza ilianzia wapi.