Moshi wa motere unasema: tuusikilize



Unamjua shofere huyu. Kila asubuhi anakuja na bidoni mkononi. Anachomoa fimbo ya kupimia, anaona mafuta yamepunguka, anaongeza lita moja, anapanda, anakwenda. Kesho vilevile. Ukimwuliza, anajibu: «Inakunywa kidogo tu, lakini kazi inatembea.» Sisi tunasema: huyu hatengenezi motokari, anaficha ugonjwa.

Mafuta yanayopunguka kila siku yana njia yao. Kama hayadondoki chini, yanaungua ndani ya motere. Basi simama nyuma ya bomba, uangalie rangi ya moshi.

Moshi wa buluu ni mafuta ya motere yanayoungua. Angalia saa unapotoka. Kama unatoka wakati wa kuwasha tu, halafu unakwisha, mara nyingi mipira ya vali imechoka: usiku mafuta yameshuka polepole ndani ya silinda. Kama unazidi wakati motokari inapanda mlima na mzigo, shuku pete za pistoni. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda, kisha atie mafuta kidogo ndani ya ile iliyo zaifu, apime tena. Kipimo kikipanda, pete zimekwisha. Kisipopanda, atafute upande wa vali.

Moshi mweusi ni mazuti ao esansi nyingi kwa hewa kidogo. Anza na filtre ya hewa; vumbi letu la kiangazi linaijaza upesi.

Moshi mweupe usikutishe bure. Asubuhi za baridi za mwezi wa 6 na wa 7, mvuke unaopotea motere ikipata moto si kitu. Lakini ukiendelea, na maji ya radiatere yanapunguka, maji yanaingia ndani ya silinda. Simamisha motere. Wala usifungue radiatere ingali na moto: maji yatakuchoma uso.

Utauliza: mambo ya garaji yanaingia namna gani katika ukurasa wa usalama? Yanaingia kwa sababu moshi ule hauishii kwenye bomba. Chini ya udongo, mashini moja mbaya inachafua hewa ya kundi zima. Tangu mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Uchunguzi wa Kansa limehakikisha kwamba moshi wa motere za mazuti unaleta kansa ya mapafu. Mwenye kuongeza mafuta na kunyamaza hachezi na motere tu, anacheza na mapafu ya wenzake.

Kwa hiyo, shofere, ukiona moshi umegeuka rangi, sema siku ileile, uandike katika kitabu cha mashini. Na wewe kapita, usimjibu mtu huyo: «Maliza zamu kwanza.» Anayesema mapema asigombezwe, ndiye anayelinda kundi.

Nyumbani ni vilevile. Tunajua pete mpya zina bei kali, na watoto wanangoja pesa ya masomo. Lakini hesabu bidoni zote ulizonunua mwaka huu, ongeza motere itakayokufa njiani, uone ni ipi yenye bei kali zaidi.

Mama, neno hili ni lako pia. Motere isiwashwe ndani ya garaji iliyofungwa, hata dakika chache, na watoto wasilale ndani ya motokari inayonguruma. Katika moshi mna gesi ya kaboni isiyo na rangi wala harufu. Hata motere isiyoonyesha moshi wowote inaitoa. Kichwa kikianza kuuma na miguu kulegea, toka inje upesi, utoe na wengine.

Motere ina bei, lakini inanunuliwa. Mapafu hayauzwi dukani. Ukiona moshi, usinyamaze.