Sola Imefika, Kiwanja ni cha Nani?

Sokoni Kitonyoni, kaunti ya Makueni nchini Kenya, umeme wa jua ulianza kuwaka Septemba 2012. Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza kilisimamisha mtambo wa kilowati 13.5 pale pale sokoni. Paneli zenyewe ndizo paa: zinatoa kivuli na kukinga maji ya mvua. Ushirika wa wanakijiji ukakabidhiwa uendeshaji. Baada ya muda biashara zikachangamka, majengo mapya yakainuka, na bei ya viwanja ikapanda zaidi ya maradufu.

Bei hiyo hutajwa kama ushahidi wa mafanikio, na kwa mwenye kiwanja ni kweli. Kwa mama aliyepanga kibanda cha kuuzia mbaazi, soko likipata taa na kodi nayo hupanda. Hesabu yake haimo katika ripoti za wafadhili.

Mradi wa kijiji hauli ardhi kubwa, na ndiyo maana hakuna anayeuliza kiwanja ni cha nani. Mzee husema mbele ya baraza, "Jengeni hapa." Watu wanapiga makofi, chifu anashuhudia, mwethya, yaani kikundi cha kazi za pamoja, unaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Sasa mzee akifariki, na kiwanja kimekuwa cha thamani, wanawe wakikidai tutawalaumu kwa lipi? Karatasi hakuna. Na mara nyingi mkewe hakuulizwa, ilhali Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa ya mke mmoja haiuzwi, haitolewi zawadi wala kukodishwa bila ridhaa ya wote wawili.

Kuna sehemu za kaunti jirani ya Kitui ambako ardhi haijapimwa na watu wanalisha mifugo kwenye weu, malisho ya pamoja, kama walivyofanya babu zao. Ardhi ya jamii isiyosajiliwa huwa mikononi mwa kaunti kwa niaba ya wenyewe, si mali ya gavana wala ya mwakilishi wa wadi. Ikishasajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka thuluthi mbili ya watu wazima waidhinishe mkataba wa mwekezaji. Wazee watano chini ya mwembe hawatoshi.

Anayeona haya ni makuu kwa paneli chache aangalie Marsabit. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za eka 150,000 za mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana zilipatikana kinyume cha utaratibu. Mitambo ilikuwa tayari inazunguka. Mradi ule ni mkubwa mno kulinganishwa na miradi yetu ya vijijini, lakini pale pia ardhi ilichukuliwa kwanza, wenyewe wakaulizwa baadaye.

Hatupingi sola. Tunataka kaunti za Kitui na Makueni zisiruhusu nguzo hata moja kabla ya mkataba wa kukodi, wenye muda na kodi, uliosomwa kwa Kikamba barazani, ukatiwa saini na mume na mke, ukasajiliwa. Mkataba huo useme pia ni nani atakayeondoa betri zilizokufa, na kiwanja kinarudi kwa nani mradi ukifungwa. Wakili wa kaunti anaweza kuandaa nakala moja ya kutumiwa na vijiji vyote, na mshahara wake tayari tunaulipa.