Kumtayarisha Askari Kabla ya Kumvika Tepe

Siku askari anapovikwa tepe zake za kwanza, nyumbani kwake huwa na sherehe. Mkewe hupika pilau, jirani huleta kreti ya soda, na watoto huzihesabu tepe mkononi mwa baba yao kama kwamba zitazidi usiku kucha. Asubuhi ya pili yake mtu yule yule huingia kazini, akawakuta wenzake wa jana wamesimama mbele yake wakingoja amri. Hapo ndipo wengi hugutuka. Walipandishwa cheo kwa kuifanya vizuri kazi moja, na sasa wamekabidhiwa kazi nyingine ambayo hakuna aliyewafundisha.

Chukua mfano wa konstebo hodari katika kituo kidogo cha polisi nchini Uganda. Kwa miaka tisa hapakuwa na aliyemshinda katika kuandika maelezo ya mashahidi. Hata waendesha mashtaka walipenda kupokea majalada yake. Akafanywa sajini, akapewa zamu ya kuisimamia. Juma la kwanza alifanya kila kitu kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika daftari la matukio, akahesabu mahabusu, akapokea walalamikaji, akaandika maelezo. Makonstebo wawili walioketi kwenye benchi walikatazwa kuligusa daftari, maana mwandiko wao haukumridhisha.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, yataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 48 kupita tangu kukamatwa kwake, kama hakuachiliwa kabla ya hapo. Siku ya nne ikatambulikana kwamba kijana mmoja, aliyeshukiwa kuiba baiskeli, amekaa ndani saa 60. Mama yake alikuwa akija kila siku na bakuli la chakula, akiketi nje chini ya mwembe. Sajini hakuwa na chuki naye wala hakudai hongo. Alikuwa ameinamia meza akiandika maelezo ya kesi nyingine, kwa mwandiko mzuri sana. Makonstebo wale wawili walijua kwamba saa zimepita, lakini hawakusema neno. Daftari halikuwa lao.

Kosa hilo huandikwa kwa jina la sajini, na ndivyo ipasavyo. Lakini yafaa kuuliza pia nani alimweka mezani pale bila kumwonyesha namna ya kufanya kazi kwa mikono ya wengine.

Suala hili lina historia ndefu katika majeshi ya Afrika Mashariki. Hata neno «afande» ni urithi wa cheo: latokana na «efendi» la Kituruki, lililoletwa na askari wa Kisudani waliotumika chini ya Misri kabla ya kuingizwa katika majeshi ya Waingereza. Katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, Mwafrika aliweza kutumikia ujana wake wote akaishia kwenye usajini meja. Amri kubwa ilibaki kwa Mwingereza. Miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea ukingoni, cheo cha effendi kikafufuliwa kuwa daraja baina ya sajini meja na ofisa. Idi Amin alikipata mwaka 1959, na mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakapewa uofisa kamili. Uganda ilijitawala tarehe 9 Oktoba 1962. Muda uliokuwapo wa kuwatayarisha viongozi ulikuwa mfupi kiasi hicho. Mwezi wa Januari 1964 askari waliasi Dar es Salaam, Jinja na Lanet, wakidai mishahara zaidi na maofisa wa Kiafrika mahali pa Waingereza. Dai lao lilikuwa la haki. Ila vyeo vilivyogawiwa kwa haraka baada ya hapo havikuweza kuleta pamoja navyo mafunzo ambayo hayakutolewa miaka kumi nyuma. Yaliyoipata Uganda baadaye wasomaji wanayajua.

Basi matayarisho huanza lini? Huanza kabla ya tepe, tena katika mambo madogo. Mkuu wa kituo mwenye busara humpa konstebo penseli na karatasi, akamwambia apange zamu za juma lijalo. Kazi hiyo huonekana ya mchezo. Kituo kina askari 9, na siku ina zamu 3 za saa 8. Watatu kila zamu, yamekwisha. Lakini juma lina zamu 21, na kila zamu ikiwa na watu watatu zahitajika nafasi 63. Kila askari akipumzika siku moja, watu 9 kwa siku 6 hujaza nafasi 54 tu. Zimepungua 9. Maana yake, zamu tisa zitafanywa na watu wawili, na hapo bado hajaugua mtu, hajaitwa mtu mahakamani kutoa ushahidi, wala hajafiwa mtu. Zamu zipi zipunguzwe? Usiku wa siku ya gulio, walevi wanaporudi makwao? Au mchana wa Jumapili, ambapo kila mmoja angependa kuwa kanisani na watoto wake? Konstebo aliyekwisha kuumiza kichwa kwa hesabu hiyo hatashangaa siku atakapolaumiwa kwayo.

Kisha akaimu. Apewe zamu kwa majuma mawili huku sajini mwenyewe akiketi chumba cha nyuma, asiingilie isipokuwa kuna hatari. Akikosea, aitwe faraghani baada ya zamu. Kumkemea mbele ya watu anaowaongoza ni kumvua tepe kabla hajazivaa. Jeshini ni vivyo hivyo: koplo anayetarajiwa kuongoza seksheni ya watu kama kumi hupewa doria fupi, akatakiwa kueleza kabla ya kutoka nani atafanya nini, na baada ya kurudi nani alifanya nini.

Lililo gumu kupita yote ni urafiki. Aliyelala naye chumba kimoja chuoni atakuja kazini saa mbili asubuhi badala ya saa kumi na mbili, macho mekundu, amwombe aandike saa ya kawaida. Daftari lile laweza kuitwa mahakamani. Ni vema sajini mpya awe amekwisha kulisikia jibu kutoka kwa mzee wa kazi: «Ndugu yangu, nitaandika saa uliyofika. Jioni tutazungumza, wewe na mimi tu.» Na jioni ifike kweli, azungumze naye, maana pengine mtoto wa rafiki huyo yuko hospitali na pombe ni kisingizio tu.

Nyumbani nako kwahitaji matayarisho, ingawa makao makuu hayana chuo chake. Kambini familia hutumia bomba moja la maji na kamba moja ya kuanikia nguo. Mke wa konstebo atamwendea mke wa sajini akiwa na ndoo kichwani: «Mama, mwambie afande ampe mume wangu likizo ya Idi.» Ajibiwe kwa heshima: «Dada, hayo ni ya kituoni. Shemeji na amwendee mwenyewe, atamsikiliza.» Na ikiwa aliyevikwa tepe ni mwanamke, mumewe ndiye atakayeombwa hivyo, na wako wanaume wanaoona raha kupokea maombi hayo kuliko wanavyoona raha mke kuitwa afande.

Jambo moja huwa zuri kulipanga mapema mezani pa chakula. Orodha ya zamu ya Krismasi inapotoka, sajini wengi wapya hujiandikia wao wenyewe usiku wa tarehe 24, na hilo huwatuliza wengine wote. Mke aambiwe kabla karatasi haijabandikwa ukutani, asije akalisoma jina la mumewe pamoja na majirani. Akijua mapema atapika chungu kikubwa kidogo, na mtoto mkubwa atapeleka chakula cha watu watatu kituoni.