Kadi ya SHA mkononi, kiti cha meno mbali

Makala yenu imezieleza vizuri sheria za afya ambazo Rais William Ruto wa Kenya alizitia saini Oktoba 2023, ila meno hayakutajwa.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na hakuna anayepaswa kulipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Huduma za zahanati na vituo vya afya zinatakiwa kuwa bure. Kwa mgonjwa wa malaria, hilo ni jambo kubwa. Lakini zahanati nyingi za vijijini hazina kiti cha meno wala mtaalamu wake. Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu akarudi nyumbani. Mama wa Navakholo, kaunti ya Kakamega, hufunga shavu kwa lesso, akabana karafuu kwenye jino na kuvumilia. Anapopanda bodaboda hatimaye kwenda hospitali ya rufaa mjini Kakamega, jino lililostahili kuzibwa linang'olewa.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watoto waliopimwa wana meno yaliyooza. Wengi!

Sheria ya Afya ya Msingi, mojawapo ya sheria hizo za Oktoba 2023, inawatambua wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe kukagua vinywa vya watoto. Na kwa kuwa Katiba imezikabidhi kaunti zahanati na hospitali, bunge la kaunti ya Kakamega litenge fedha za kiti cha meno katika kila kaunti ndogo, kuanzia Likuyani hadi Khwisero.