Kijana wa Kukodi

Wahenga walilonga kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Tarehe 17 Juni 2025, methali hiyo ilijidhihirisha mchana kweupe katikati ya jiji la Nairobi. Upande mmoja walikuwapo vijana waliobeba mabango na bendera ya taifa, wakidai haki kwa ajili ya Albert Ojwang', mwalimu aliyefariki akiwa kizuizini mwa polisi mwezi uo huo. Upande wa pili wakaja vijana wengine, wamepakiana kwenye bodaboda, wameshika marungu na mijeledi, wakawashambulia wenzao huku wachuuzi wakifungasha bidhaa zao na kutimua mbio. Mgeni ambaye angezitazama nyuso tu, bila kutazama kilichoshikwa mkononi, asingeweza kulitenga kundi moja na jingine. Umri ulikuwa ule ule, na hata matusi waliyorushiana yalikuwa ya Sheng ile ile. Mkono uliowalipa wenye marungu haukuonekana pale barabarani.

Haikuchukua muda kabla ya wenye marungu kupewa jina: wahuni. Hapana shaka kwamba aliyempasua mwenzake kichwa ana hatia, na umaskini haumtakasi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kulitua neno hilo na kulichungua. Katika maana yake kongwe, mhuni si lazima awe mhalifu. Ni mtu asiye na makao wala shughuli maalumu, anayerandaranda. Wazee walimwita hivyo hata yule asiyekuwa na mke. Lugha, basi, ilikwisha kueleza hali ya mtu kabla ya kueleza kosa lake. Siku hizi jamii imebakiza kosa na kuisahau hali. Kijana wa miaka 28 asiye na kazi, asiye na chumba cha kulipia kodi, asiyeweza kuposa, alikuwa mhuni kwa maana ya kwanza miaka mingi kabla ya mtu kumpa rungu ili awe mhuni kwa maana ya pili.

Biashara hii ya kukodi vijana si ya jana wala ya juzi. Mwaka wa 1992, Kenya ilipokuwa ikielekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kipindi cha chama kimoja, lilizuka kundi la vijana wa KANU lililojulikana kama YK'92. Fedha zilimwagwa kochokocho, hata noti ya shilingi 500 ikabandikwa jina la Jirongo, kutokana na Cyrus Jirongo aliyekuwa mwenyekiti wa kundi hilo. Ama kweli lugha ya mitaani haisahau! Lakini kilichofuata hakikusimuliwa kwa bashasha kama jina lile. Fedha zilizofurika sokoni zilichangia kupandisha bei za bidhaa, na yule yule aliyeshangilia noti moja ya kampeni akairudisha kidogo kidogo dukani, kwa sukari na unga, pamoja na riba ambayo mamake na nduguze hawakuwa wameikopa. Katika mwongo uo huo nchi ikalizoea jina la Jeshi la Mzee, na wapinzani wakayajua marungu yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mambo yalizidi unga yakawa maji. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na haikuficha kwamba magenge ya vijana wasio na ajira yalikuwa kuni zilizokauka zamani, zikingoja wa kuziwasha. Waliochoma walipoteza majirani. Wengi waliochochea hawakupoteza hata viti.

Inafaa kulinganisha namna kazi mbili zinavyopatikana nchini. Kwa miaka mingi, kijana aliyeomba kazi ya serikali alitakiwa kukusanya rundo la hati: cheti cha maadili mema kutoka kwa wapelelezi wa jinai, kibali cha mamlaka ya ushuru, kibali cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kibali cha tume ya maadili, na kingine cha shirika la kukagua wadeni. Kila hati ilidai nauli, nyingine zilidai ada, na msururu ulidai siku nzima. Alilazimika kuthibitisha kwamba ni mwadilifu ndipo aruhusiwe hata kusubiri jibu ambalo aghalabu halikuja. Ile kazi ya pili haina fomu. Anakuja mtu jioni kwenye kituo cha bodaboda, anahesabu vichwa, anatoa nusu ya malipo, na kuondoka. Kazi ya pekee isiyomdai kijana uadilifu ndiyo inayopatikana kwa wepesi, na wanaoitoa ndio hao hao wanaotunga masharti ya ile nyingine.

Serikali zilizofuatana hazikukaa kitako. Hazina ya Maendeleo ya Vijana iliundwa mwaka wa 2006, Kazi kwa Vijana ikazinduliwa 2009, na Hazina ya Hasla ikaja Novemba 2022. Ya kwanza na ya tatu zilitoa mikopo, kana kwamba anayekosa mshahara dawa yake ni deni. Ya pili ilimpa kijana jembe na beleshi, naye akapanda miti na kuzibua mitaro kwa muda, kisha akarudi alikotoka.

Kinyume cha haya kilionekana Juni 2024. Vijana waliojiita Gen Z waliusoma Mswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa. Mswada uliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Wao wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, hata muuza mboga akajua kwamba mkate wake ulikusudiwa kutozwa ushuru wa asilimia 16. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bunge na risasi zikalia. Siku iliyofuata, Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo, na tarehe 11 Julai akalivunja Baraza la Mawaziri. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilirekodi vifo vya watu 60 katika maandamano ya majira hayo. Kilichowatatiza wanasiasa ni kwamba hawakumpata wa kumwita chemba na kumpa bahasha.

Waliposhindwa kuwanunua, ilibaki kuwatafutia wenzao wanaonunulika. Hapo ndipo upungufu wa vuguvugu lile ulipo, na haifai kufichwa kwa sababu ya mapenzi. Lilizungumza kana kwamba vijana wote wana simu na bando. Mwenye shahada alikasirika kwa niaba ya kizazi kizima, lakini ni mara chache alipoketi na yule aliyeachia masomo darasa la nane, akasikiliza ni kwa nini shilingi elfu moja za leo zina uzito kuliko katiba nzima ya kesho. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 55, inaitaka dola ichukue hatua ili kijana apate elimu, uwakilishi na ajira. Kwa mwenye njaa, kifungu hicho ni wali wa kuchorwa.

Wala vyuo vikuu havina ubavu wa kuwacheka wenye marungu. Sheria ya mwaka wa 2016 iliondoa kura ya moja kwa moja ya kila mwanafunzi, viongozi wakawa wanachaguliwa na wajumbe. Ilidaiwa kwamba vurugu na pesa zingepungua. Lakini anayetaka kununua uongozi hupenda wauzaji wachache, na kuwahonga wajumbe makumi kadhaa ni nafuu kuliko kuwahonga wanafunzi maelfu. Msomi anayepokea bahasha ya mwanasiasa ili ampigie mtu fulani kura hana tofauti kubwa na kijana wa bodaboda, isipokuwa kwamba yeye hana kisingizio cha njaa.

Katiba imeuweka Uchaguzi Mkuu ujao tarehe 10 Agosti 2027. Sheria ya kudhibiti fedha za kampeni ilipitishwa tangu mwaka wa 2013, lakini chaguzi za 2017 na 2022 zilifanyika bila viwango vyake kutumika. Kila polisi anapomkamata kijana mwenye rungu, hatua ya pili inapaswa kuwa kuifuata ile simu iliyomtumia pesa, kwa sababu malipo ya simu huacha nyayo, na nyayo hizo haziishii kituo cha bodaboda. Wenye uwezo wa kuipa sheria ile meno wanakaa Bungeni, na wengi wao wanajua vyema bei ya kijana kwa siku.