Kutoka programu hadi tanuri

Mwandishi wa programu za kompyuta anayehamia uhandisi wa kemia haendi mikono mitupu. Mwaka 1976, chuo cha MIT cha Marekani kilianza mradi wa Aspen chini ya Lawrence Evans, ili mtambo mzima uweze kujaribiwa ndani ya kompyuta kabla ya kujengwa. Mwaka 1981 mradi huo ukazaa kampuni. Malighafi isiyogeuka inaporudishwa mwanzo wa mtambo, kompyuta hukisia kiasi chake, hupiga hesabu, hulinganisha, kisha hurudia hadi majibu yakutane. Mzunguko wa namna hiyo ni mkate wa kila siku wa mwandishi wa programu.

Kinachomchelewesha ni thermodinamiki, mwendo wa vimiminika, na mizania ya maada. Programu yenye kosa hukubali tangi litoe kilo nyingi kuliko zilizoingia, tena bila aibu.

Kwa anayetaka kuyasoma hayo nchini Kongo (DRC), mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) uliotandazwa kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 umeweka miaka 3 ya licence na 2 ya master. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kemia ya viwanda katika kitivo chake cha politekniki.

Mtafiti atokaye Obokote, mkoani Maniema, hana haja ya kukopa mada ugenini. Mkoa huo una kasiterite, madini ya bati na oksijeni, ambayo ikiwa safi huwa na bati asilimia 78 hivi. Katika tanuri la zaidi ya digrii 1,200, makaa huichukua oksijeni yake na bati hubaki. Ugumu ni chuma kilichochanganyika na madini hayo: makaa yakizidi, chuma nacho hupoteza oksijeni yake, huyeyuka ndani ya bati na kulichafua; yakipungua, bati hupotelea kwenye takataka za tanuri. Nafasi kati ya hasara hizo mbili ni nyembamba, na kuitafuta kwa hesabu ni kazi halisi ya kompyuta.

Upande wa pili kuna mafuta ya mawese. Kilo moja huhitaji gramu 140 hivi za soda kali ili igeuke sabuni yote. Soda ikizidi, sabuni huchubua ngozi. Kwa utafiti wa kwanza, sabuni ndiyo mada bora kuliko bati: malighafi iko sokoni, na mzani mzuri, sufuria isiyo ya alumini, glavu na miwani ya kinga vyatosha kuanzia.